Kichuguu Si Bomba la Moshi

Kila mwaka, katika kila darasa la usanifu majengo nililowahi kulisikia, kuna mtu huchora jani. Jani linakuwa paa, mishipa yake inakuwa nguzo, kikonyo kinakuwa njia ya kuingilia. Mwingine atachora samaki, na chuo kikiwa karibu na ziwa, samaki hakosi. Wanafunzi huita hiyo konsepti, na konsepti ikishapata jina tamu unahisi kazi imefika nusu. Nilikaa kwenye darasa la namna hiyo miaka miwili na nusu, mpaka karo ikanishinda nikaacha chuo. Sasa naishi kwa kuandika, ila macho ya studio hayajanitoka. Nikiingia jengo lolote, hata banda la chapati, naangalia kwanza juu kuona hewa ya moto inatokea wapi.

Ndiyo maana binamu yangu alinipigia simu. Yuko mwaka wa tatu, na zoezi lake la muhula ni kuchora soko la Mamboleo, wazo lake kuu likichipuka kutoka kwa asili. Kwa wasioijua, Mamboleo ni pale barabara ya Kisumu kwenda Kakamega inapokutana na ile ya Miwani, mji ukiwa nyuma yako na milima ya Nandi ikionekana kwa mbali. Wakenya wengi waliisikia Juni 1, 2021, sherehe za Madaraka zilipofanyiwa kwenye uwanja mpya uliojengwa palipokuwa na maonyesho ya kilimo. Sisi tunaijua kwa vumbi, kwa boda wanaogombania abiria, na kwa kina mama wanaouza nyanya na omena chini ya mabati ambayo saa nane mchana yanakukaanga utosi. Ukiambiwa uchore soko hapo, swali la kwanza linakuja lenyewe: joto.

Binamu alikuwa na mawazo matatu. Jani. Samaki. La tatu alilitoa mwisho, kama mchezaji aliyeficha karata yake nzuri: kichuguu. Alikuwa na picha ya jengo la Harare kwenye simu.

"Omera, mchwa wana kiyoyozi chao wenyewe," akasema. "Jamaa wa Zimbabwe aliwaiga tu."

Nilimjibu kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Haya ndiyo majibu, nimeyapanga kidogo.

Jengo lenyewe linaitwa Eastgate Centre, liko katikati ya Harare, na lilifunguliwa 1996. Msanifu wake ni Mick Pearce. Wahandisi walikuwa kampuni ya Arup. Ni majengo mawili marefu yaliyolala sambamba, katikati yake ua wenye paa la kioo, maduka chini, ofisi juu, na kileleni safu ya mabomba 48 kama ya kutolea moshi. Halina kiyoyozi cha kawaida. Usiku, Harare ikishapoa (mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari), feni huvuta hewa baridi na kuipitisha ndani ya sakafu zilizoachwa na uwazi, na saruji inapoa. Mchana saruji hiyo hunywa joto la watu na la mashine, na hewa iliyopata moto inapanda na kutokea kwenye yale mabomba. Ni jengo zuri na linafanya kazi. Sina neno baya juu yake.

Neno langu liko kwa mchwa.

Mwaka 1961 mtafiti wa Uswisi, Martin Lüscher, aliandika kuhusu vichuguu alivyovichunguza Afrika Magharibi. Maelezo yake yalikuwa mepesi na yalipendeza. Mchwa hawa wanalima kuvu ndani ya kiota. Kuvu na mchwa wanatoa joto, hewa ya moto inapanda, inapita karibu na ngozi ya kichuguu, inapoa huku ikibadilishana gesi na hewa ya nje, halafu inashuka chini kuanza upya. Mashine bila injini. Kwa zaidi ya miaka 40 hicho ndicho kichuguu kilichoishi vitabuni, na ndicho kilichoingia vichwani mwa wasanifu.

Kisha watu wakaenda kupima. Scott Turner, mwanabiolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi Namibia kwenye vichuguu vya Macrotermes michaelseni, mchwa ambaye hata Kenya yupo. Alikuta kwamba joto la kiota halishikiliwi mahali pamoja. Linafuata joto la udongo unaokizunguka, linapanda na kushuka na misimu. Kwa maelezo yake kichuguu kinafanana zaidi na pafu kuliko bomba la moshi: kazi yake ni kuingiza oksijeni na kutoa hewa iliyochoka, na kinachokisukuma ni upepo wa nje, ule usiotulia, mara mkali mara dhaifu. Mwaka 2008 yeye na mhandisi Mwingereza, Rupert Soar, waliandika wazi kwamba Eastgate lilisimama juu ya picha ya kichuguu isiyo sahihi. Halafu mwaka 2015 kundi la watafiti likiwa na Mahadevan wa Harvard lilipima vichuguu vya mchwa wa aina nyingine India, likakuta injini tofauti tena: mchana na usiku wenyewe. Ngozi ya kichuguu inapata joto na kupoa haraka kuliko kiini chake, kwa hiyo hewa inazunguka upande mmoja mchana na kugeuza mkondo usiku.

Hebu tulia na hilo kidogo. Jengo linalotajwa kila mahali watu wakizungumzia kuiga asili lilitokana na kosa kuhusu mchwa, na bado linapoa. Mimi nalipenda zaidi kwa sababu hiyo. Pearce alilipata swali, yaani uzito wa jengo na baridi ya usiku vinaweza kufanya nini badala ya mtambo, na swali hilo likamfaa hata kama mchwa wenyewe walikuwa na mambo mengine. Lakini mwanafunzi anayechora mabomba 48 juu ya soko la Mamboleo anaiga picha ya picha. Tena Kisumu si Harare. Tuko chini zaidi, karibu mita 1,130, kando ya maji, na usiku wetu una unyevu, haupoi kama wa kule. Saruji ambayo haikupoa usiku, mchana itakupa nini?

"Sasa nirudi kwa jani?" binamu akauliza. Alikuwa ameanza kuchoka na mimi.

Nilimwambia arudi nyumbani kwanza.

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma historia ya majengo ya huku ni kwamba watu wa ufuo huu wameishi na vichuguu siku zote na nyumba zao hazikuchukua umbo lake. Walichukua udongo. Ule udongo ambao mchwa wameshautafuna na kuubandika unashikana vizuri: unakandikwa ukutani, unachanganywa na kinyesi cha ng'ombe na kusawazishwa sakafuni, siku hizi unachomwa matofali. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, ngwen kwa Kijaluo, wanakamatwa na kuliwa. Kichuguu kilikuwa stoo ya vifaa vya ujenzi na jiko kwa pamoja. Nilimuuliza nyanya yangu kama alipokuwa mdogo aliwahi kuona nyumba iliyojengwa kwa mfano wa kichuguu. Aliniangalia kama nimemuuliza kama aliwahi kuvaa kuku.

"Unajenga na kichuguu," akasema. "Hujengi kichuguu."

Nyumba anayoikumbuka ilikuwa ya mviringo, ukuta wa fito na udongo, paa la nyasi lenye mwinuko mkali lililoshuka mpaka likaufunika ukuta kivuli. Nyasi zikipangwa nene zinashika hewa katikati yake, jua linachelewa kuingia. Kati ya ukuta na paa iliachwa nafasi, na moshi na joto vilitokea hapo. Mpangilio wa boma nao ulikuwa na hesabu zake: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango; nyachira upande mmoja, reru upande mwingine; simba za vijana karibu na lango; ng'ombe mahali ambapo kila mlango unawaona. Hakuna aliyeanza na ua au jani hapo. Walianza na nani anamwona nani, na nani ataamka kwanza mwizi akija.

Ukitaka kuona mawazo kama hayo yakiwa mawe, nenda Thimlich Ohinga, kilomita kama 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Serikali ya Kenya ilikuwa imeitangaza kumbukumbu ya taifa tangu 1981. Ohinga ni ngome au boma. Thim ni pori, na lich ni kutisha: boma la pori la kutisha. Inadhaniwa lilijengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hakuna chokaa wala saruji hata kijiko kimoja. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayozifunga. Mawe hayakuchongwa. Fundi aliokota jiwe kilimani, akaligeuza mkononi, akalitafutia pahali ambapo umbo lake linakubalika. Kuta hazikunyooka, zinajipinda, na ukuta uliojipinda unajishikilia mwenyewe pale ambapo ulionyooka ungeegemea upande na kuanguka. Malango ni mafupi kiasi kwamba anayeingia lazima ainame, na adui aliyeinama hana mkuki mkononi wa kukutisha.

Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi, lakini haiko peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe 521 katika sehemu 138 upande wa Kenya wa ziwa hili. Wakazi wake hawakuwa wa lugha moja. Watu walihama, wengine wakaja, na waliokuja walikuta kuta, wakazirekebisha, wakaendelea kuishi ndani yake. Nawaza sana juu ya hilo, kwa sababu sisi tukinunua ploti tunaanza kwa kubomoa.

Maboma ya mawe yalianza kuachwa vita vya kati ya jamii vilipopungua chini ya utawala wa mkoloni. Ulinzi wa ukuta mnene haukuhitajika tena. Ua wa boma ukawa wa mimea, hasa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe ambao ng'ombe hawaugusi: unachomeka kijiti ardhini, kinaota, na miaka michache baadaye una ukuta unaojirekebisha wenyewe. Kama kuna kitu huku kinachostahili kuitwa usanifu wa asili ni hicho, na sijawahi kukiona kwenye mchoro wa mwanafunzi hata mmoja.

Wakati huohuo reli ilifika ufuoni, Desemba 1901, kituo kikiitwa Port Florence, na bidhaa za viwandani zikapata njia ya mkato mpaka ziwani, mabati yakiwamo. Serikali ilitoza kodi kwa kuhesabu vibanda, kwa hiyo kila paa la nyasi likawa deni. Nyumba ya pembe nne yenye bati ikawa nyumba ya mtu aliyesoma. Ile ya mviringo ikawa ya mtu aliyebaki nyuma, na mpaka leo ukimwonyesha mtu wa Kisumu picha ya nyumba ya nyasi atakuambia hiyo ni ya shambani, au ni ya hoteli ya watalii.

Msinisome vibaya. Sililii nyasi. Nyasi zinaungua, zinaoza, zinafuga nyoka, na kuzipata siku hizi ni shida maana mashamba yamegawanywa vipande vipande. Bati linakupa maji safi ya mvua. Nyanya mwenyewe ameezeka mabati tangu zamani, na ukimwambia arudie nyasi atakuuliza nani atapanda juu kuzibadilisha, wewe? Kinachoniuma ni kwamba tulipobadilisha nyasi kwa bati tuliacha pia mambo mawili ambayo hayakuwa na gharama: unene juu ya kichwa, na ile nafasi ya kutolea hewa. Bati moja jembamba, hakuna dari, ukuta umefika juu na kuziba. Ndani yake mama anakaa saa kumi na nyanya zake, na zote mbili, mama na nyanya, zinaiva.

Na si kwamba bati haliwezi kuelewana na joto. Kwenye ufuo wa ziwa letu lingine, Turkana, kuna Startup Lions Campus, chuo cha vijana wa teknolojia kilichochorwa na ofisi ya Francis Kéré, yule wa Burkina Faso aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022. Chuo kilikamilika 2021. Kina minara mirefu inayokumbusha vichuguu vya kule. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu ya minara, na hewa ya nje inaingia kupitia matundu yaliyowekwa chini. Ukiangalia haraka utasema ni kichuguu tena, bomba la moshi tena. Lakini tofauti naiona: Kéré alichora kwa joto la Turkana na kwa mawe ya hapohapo, na minara ile ingefanya kazi hata kama ingekuwa na umbo la chupa. Umbo la kichuguu ni salamu kwa mahali. Mimi sina shida na salamu, mradi hewa ipite.

Baada ya hapo binamu alikaa kimya wiki nzima. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaenda Mamboleo kila siku, asubuhi, saa nane na jioni, na utepe wa plastiki aliofunga kwenye kijiti, akiandika upepo unatoka wapi. Mambo aliyoyapata yanajulikana na kila mvuvi wa Dunga: mchana ardhi inapata joto kuliko ziwa, kwa hiyo upepo unatoka majini, kwa upande wa kusini magharibi, ukielekea nchi kavu, usiku unageuka na kushuka kutoka milimani. Mchana huku, usiku kule. Alinitumia ujumbe: "Ni kama wale mchwa wa India." Hapo nilijua ameshika.

Lakini upepo ulimletea ugomvi. Karibu na ikweta jua la mchana linapiga paa, na kuta zinazoteseka ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kwa ajili ya jua, jengo linataka kulala mashariki kwa magharibi, pande zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Kwa ajili ya upepo, linataka kuligeuzia ziwa upande mpana. Huwezi kupata vyote viwili kwa kuchora jani. Alichora na kufuta mara nyingi. Mwishowe alililaza soko kama jua linavyotaka, halafu upande wa kusini akaweka kuta fupi za mawe zilizojipinda, zilizosimama mbalimbali kama masikio yaliyogeuzwa kulielekea ziwa, kila moja ikinasa upepo na kuusukuma ndani kati ya meza. Mawe hayana chokaa mpaka usawa wa kiuno. Mwalimu mmoja alimuuliza kama ni ya Thimlich, akasema ndiyo, ila pia ni ya bei, maana mawe ni yetu na saruji tunanunua.

Paa lake ni la mabati. Nilifurahi alipolibakiza. Ni mapaa mawili: la juu ni bati la kushika jua na mvua, la chini ni mikeka ya mafunjo ya ziwani, na kati yake nafasi ya mkono mmoja inayopitisha hewa hadi kwenye mgongo wa paa, ambako imeachwa wazi. Unene na nafasi, vilevile kama vya nyanya, kwa vifaa vingine. Mikeka itaoza, ndiyo. Ameichora iwe vipande vidogo ambavyo mama wa meza hiyo anaweza kuvishusha na kubadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi.

Kuna chumba kimoja ambacho bado kinamsumbua, cha watoto wa wachuuzi, kwenye kona ya mashariki. Soko la Mamboleo halifungwi jua likizama, na mama mwenye mtoto mchanga anafunga meza mtoto akiwa ameshalala. Ile nafasi kati ya ukuta na paa ambayo nimeisifu kote huku ndiyo mlango ambao mbu wa malaria wanaupenda zaidi, na ufuo wetu ni nchi yao. Mambo hayo yamechunguzwa hapahapa ziwani, pamoja na Mbita, kwenye kampasi ya icipe inayobeba jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo hicho cha utafiti wa wadudu mwaka 1970. Ukiziba nafasi, mtoto anachemka. Ukiiacha wazi, analipa kwa damu. Ukiweka wavu, mbu wanabaki nje lakini upepo nao unapungua, kwa hiyo tundu lazima liwe kubwa kuliko ulivyopanga, na tundu likiwa kubwa mvua ya jioni kutoka upande wa Nandi inaingia kwa ubavu. Jana usiku alinitumia mchoro wa saba wa ukuta huo mmoja, na kwenye pembe ameandika kwa penseli: urefu wa ukingo wa paa, mita ngapi?